Damu ya Mzee

Semboja anataka bluu.
Ameileta kutoka Dar ndani ya simu,
anaikuza kwa vidole viwili:
"Huzuni ndiyo hii. Kuta bluu, shuka bluu,
hata mvuke wa chai ukae kibluu-bluu."
Filamu ni ya dakika tisa. Mjane anafua shati la marehemu,
anaanika, anaingia ndani. Basi.
Maneno hamna. Rangi ndiyo itakayosema,
na rangi nimekabidhiwa mimi,
binti wa fundi cherehani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.

Sikubishana. Nilimwaga kiroba cha vipande vya mama
juu ya mkeka, nikakaa kuchambua
kama mchele wenye chuya.

Rangi za kwetu nyingi hazina jina la kuzaliwa.
Kijani kaazima kwa jani, kijivu kwa majivu,
zambarau ingali ulimini mwa mtoto,
kahawia haijapoa kikombeni.
Hudhurungi sijui alikotoka, namwacha hivyohivyo.
Ukitaja rangi umeita kitu,
na kitu kikiitwa huja na harufu yake,
na wenyewe, na deni.

"Hiyo bluu yako," nikamwambia,
"hapa ni sketi ya shule ya msingi,
ni pipa la maji, ni mlango wa wakala wa pesa.
Watu wa Chumbageni wataitazama filamu yako
wakidhani kuna mtoto kachelewa namba."
Mhina wa kamera akacheka, kisha akajifanya anafuta lenzi.

"Nyeusi, basi?"

Nikaokota kipande cha manjano, upana wa kiganja.

Nilikuwa na miaka saba.
Matanga ya baba yalipikiwa uani kwa Mwanamkuu,
na kila aliyetoka jikoni kunishika kidevu, pole mwanangu,
aliniachia bizari usoni.
Siku tatu nilitembea na uso wa njano. Hakuna aliyeniosha.
Hiyo ndiyo huzuni niijuayo: ina mafuta,
inanukia kitunguu, na mimi, aibu yangu,
nilikuwa na njaa.

Eda ilipokwisha mama akalitoa shati lake jeupe,
lile la Ijumaa, lenye doa la mchuzi chini ya mfuko.
Akalilowesha. Akapaka sabuni ya mche.
Doa likageuka jekundu mbele ya macho yangu,
jekundu lililoiva,
lile ambalo wauza vitambaa huliita damu ya mzee.
Nikapiga yowe: Baba anatoka damu!
Mama hakusema kitu. Alisugua.

Semboja akazima simu.

Tukapanga upya palepale: dakika tano za mwanzo
weupe wa chokaa na kijivu cha karai, taa isiongezwe.
Njano moja tu, doa lenyewe,
dogo kuliko shilingi mia.
Dakika ya sita, sabuni.
Kanga ya mjane isiwe na nyekundu hata kwenye pindo;
ndoo, mlango wa jirani, kifuniko cha chupa ya chai,
kila chekundu kitolewe uani,
ili ile moja ikifika, ifike peke yake.

"Halafu likitoka karaini, bado jekundu?" akauliza Mhina.
Jua la Tanga hula bizari kwa siku mbili, nikasema.
Mtasubiri.

Mama alikuwa mashineni muda wote, pini mdomoni,
mguu haujaacha pedali.
"Huyo kijana na bluu yake msimfukuze,"
akasema, akizitema pini moja moja kiganjani.
"Nguo nyeupe haisuuzwi bila bluu.
Aitie mwishoni. Chembe. Kwa ncha ya kidole."

Halafu akauliza kama tumekula.